Simu Iliyovunjiwa Juu ya Mfuniko

Mjukuu wa bibi mmoja alikuwa na kazi. Ndivyo mama yake alivyowaambia majirani, na neno lenyewe alilitamka upesi upesi, kama mtu anayevuka barabara yenye magari. Kazi ilikuwa kuvunja simu. Watu walimletea simu zao kuukuu, yeye akazivunja mbele ya kamera, na watu wengine, ambao hakuna aliyejua wanakaa wapi wala wanakula saa ngapi, waliketi wakatazama. Huko mtandaoni alijiita Nyundo Haina Huruma. Nyumbani waliishia kumwita Nyundo tu, kwa sababu huruma alikuwa nayo, tena ya kutosha. Panya akinaswa mtegoni, Nyundo alimwita mama yake aje amtoe.

Bibi hakumcheka. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa shughuli, harusi na misiba, na kwa kazi hiyo alikuwa amewaona binadamu kwa wingi. Aliwahi kuona umati wa watu wazima, wenye mashati ya kupigwa pasi, wamesimama kutwa nzima wakitazama gari lililozama kwenye matope, na asiwepo hata mmoja wa kusukuma. Kwa hiyo mjukuu alipomweleza kwamba kuna watu wanaacha shughuli zao kutazama simu ikipondwa, bibi alitikisa kichwa akaendelea kuchambua mchele. Alichouliza ni kimoja: wakimaliza kutazama, wanafanya nini? Nyundo alifikiri kidogo, akasema wanatazama nyingine.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka siku binti yake, yaani mama yake Nyundo, alipomletea bibi simu mpya. Ilikuwa bapa, inang'aa, ukiishika unajiona uso kama kwenye kioo cha kinyozi. Binti alikuwa ameona haya muda mrefu, mama yake akitoa mbele ya wageni ile simu yake ya vitufe yenye tochi kichwani, iliyofungwa mpira wa kiunoni ili betri isidondoke, na namba zote zimefutika kwa kubonyezwa. Bibi alishukuru, akaigeuza ile mpya huku na huku, akauliza vitufe viko wapi. Wote wakacheka. Nyundo akatoa laini kwenye simu ya zamani akaitia kwenye mpya palepale, akasema sasa bibi amehama nyumba, na vyombo vyake vyote vimehama naye.

Maneno hayo bibi aliyaamini, na hapo ndipo alipoponzwa.

Maana alikuwa na jambo lake, ambalo hakulijua binti wala mjukuu. Kila alfajiri, kabla nyumba haijaamka, alimbipu mdogo wake. Alipiga, akasubiri iite kidogo, akakata. Punde simu yake nayo ikaita kidogo, ikakatwa. Basi. Hakuna aliyesema neno. Mdogo wake alikaa mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari, na walikuwa hawasemezani tangu Nyundo hajazaliwa.

Ugomvi wao ulitokana na wali. Wakati huo walikuwa wakipika pamoja, sufuria lao moja kubwa, la kutosha kumwogeshea mtoto, lililojulikana mitaa yote. Kwenye harusi fulani wali ukaungua chini, moshi ukaingia hadi kwa bwana harusi. Mkubwa akasema moto ulikuwa wa mdogo kuuangalia, mdogo akasema moto ulikuwa wa mkubwa. Walitupiana maneno mbele ya wageni, na walipofika kwenye kugawana vyombo, mdogo akanyakua sufuria na mkubwa akanyakua mfuniko. Kila mmoja akaenda zake na nusu ya chombo na hasira nzima. Mdogo akawa anafunika kwa sinia. Mkubwa akaupachika mfuniko kwenye msumari ukutani jikoni, mpana kama gurudumu la mkokoteni, na kila mgeni aliyeuliza sufuria lake liko wapi alijibiwa kwamba limeazimwa.

Kubipu kulianza kwa bahati tu. Siku moja bibi aliikalia simu, ikajipigia yenyewe, akaikata kwa kuhamaki. Mdogo naye akapiga, akakata. Kesho yake bibi akajisemea labda haidhuru kuikalia tena. Tangu hapo imekuwa hivyo, miaka na miaka. Kubipu si kusema. Mtu anaweza kubipu na kiburi chake kikabaki salama salimini. Maana yake ilikuwa: niko hai, na sijakusamehe. Na jibu lilikuwa: hata mimi.

Basi siku ile ile ya simu mpya, Nyundo alimjia bibi jikoni akamwuliza kama kile kizee chake cha vitufe bado kina kazi. Bibi akasema kipo tu. Kwa Nyundo hiyo ilikuwa ruhusa. Akaomba na mfuniko, kwa kuwa alikuwa ameugonga kwa kucha akasikia sauti yake inavyolia, akasema watazamaji wake wanapenda mlio.

"Usije ukanibonyeza mfuniko wangu," bibi alisema.

"Bibi, chuma hiki? Hiki ndicho kitakachonivunjia nyundo."

Bibi alisimama kwenye mlango wa jikoni akatazama, kama watu wengine. Nyundo alijivika miwani ya fundi wa kuchomelea, akaiambia kamera kwamba leo kuna mzee wa kazi, mzee asiyejua kwamba wakati wake umekwisha. Bibi alijikohoza.

Kwanza aliitupa simu kutoka juu ya tangi la maji. Ikaachana vipande, gamba huku, betri kule. Akaviokota, akavirudishia, akabonyeza. Ikawaka. Akaitosa kwenye ndoo ya maji akaiacha humo huku akieleza mambo yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu sayansi. Akaitoa, akaikung'uta. Ikawaka, na tochi yake pia. Mpwa wa jirani akapita juu yake na toroli la matofali. Ikawaka. Kwenye kamera maneno ya watazamaji yakawa yanapanda kama povu la maziwa. Nyundo aliyasoma kwa sauti mwanzoni, baadaye akaacha, kwa sababu watu walikuwa wamehamia upande wa simu. Mmoja aliandika kwamba simu hiyo igombee uongozi. Mwingine akaandika kwamba haifai kwa uongozi, kwa kuwa ukiibonyeza inafanya kazi.

Hapo mjukuu akapandwa na mori. Akaweka simu katikati ya mfuniko, akainua nyundo kwa mikono miwili, akashusha. Mfuniko ulilia kama kengele mtaa mzima. Akashusha tena, na tena, mpaka simu ikawa mchanganyiko wa vitufe na vioo kama maganda ya karanga. Watazamaji wakatuma vidole gumba na vilio. Bibi aliokota mfuniko wake, akaupangusa kwa pindo la nguo, akaurudisha msumarini. Hakuutazama sana. Moyo wake ulikuwa umetulia: laini ilikuwa kwenye simu mpya, na alfajiri angebipu kama kawaida.

Alfajiri ilipofika aliketi kitandani, akaishika simu mpya, akagusa kioo. Simu ikakaa kimya. Akagusa tena, akakandamiza. Vidole vyake vilikuwa vya mpishi. Miaka ya kuinua mifuniko ya moto na kusogeza kuni kwa mkono ilikuwa imevikausha, ncha zake zikawa ngumu na zenye kuteleza kama kokwa, na kioo kile hakikuvijua. Alijaribu kidole gumba, alijaribu cha mwisho, akajaribu kupiga kofi. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekusikia na hawataki wageni.

Jua lilianza kutoka. Simu ikaita kidogo, ikakatwa. Mdogo wake alikuwa amebipu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa mkubwa ndiye aliyeanza siku zote. Bibi akahangaika na kioo. Ikaita tena, ikakatwa. Kisha kimya kirefu. Halafu ikaita, na safari hii haikukatwa.

Bibi aliifahamu maana yake. Mdogo wake alikuwa anapiga. Anapiga kweli, kwa kutaka kupokelewa. Miaka yote hiyo bibi alikuwa ameisubiri siku mdogo wake atakapokuwa wa kwanza kuinama, na alikuwa ameshapanga jinsi atakavyopokea, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi. Sasa siku ilikuwa mkononi mwake, inalia muziki na kutikisika, na kidole kinateleza juu yake kama kokwa ya ukwaju kwenye sahani.

Binti alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Aliyekuwemo ni Nyundo, amelala. Bibi alifika mlangoni kwake, simu inalia, mkono ameuinua wa kubisha. Ukabaki hewani. Akibisha, Nyundo atauliza nani anapiga. Na akijua, binti atajua, mtaa utajua, na kabla ya chakula cha mchana watu wasiojulikana wanakokaa watakuwa wanaandika maneno juu ya wali ulioungua. Aliushusha mkono. Simu ikalia mpaka mwisho, ikanyamaza, na kioo kikawa cheusi. Bibi akajiona humo, mzee amesimama mbele ya mlango wa mtoto, ameshindwa kubisha.

Nyundo alipoamka, bibi alimwuliza kwa mbali, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, mtu akitaka kupiga na kukata kabla hajapokelewa, kwenye simu hizi anafanyaje. Nyundo alicheka mpaka akashika meza. Alisema siku hizi habipu mtu, bibi, siku hizi watu wanapigiana wakaonana uso kwa uso. Anataka kumbipu nani, ampigie? Bibi akasema hapana, aliuliza tu. Na kabla ya jioni simu mpya, ambayo ilikuwa na kila kitu, ikaishiwa chaji ikazimika, na hakuna aliyemwambia bibi kwamba simu za siku hizi zinakula kila siku kama watu.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa amekata shauri: atabisha, atasema yote, acha watu wacheke. Lakini Nyundo kwa mara ya kwanza alikuwa ameamka mapema, kwa kuwa watazamaji walikuwa wamemletea sanduku zima la simu kuukuu. Alikuwa tayari uani, miwani usoni, kamera imewashwa. Bibi alikuwa amemsogelea na maneno mdomoni wakati gari lilipofunga breki nje ya lango.

Lilikuwa gari la kubebea mizigo, na nyuma wameketi wanawake waliojifunga nguo vichwani kiombolezaji. Katikati yao, limefungwa kamba lisianguke, lilikuwa sufuria. Bibi alilitambua kabla hajamtambua mtu yeyote.

Mdogo wake aliteremka kwanza. Alikuwa amezeeka. Bibi hakuwa amelitegemea hilo. Kwenye kubipu mtu hazeeki. Aliingia langoni akilia kilio cha kweli, mikono kichwani, anataja jina la utoto ambalo hakuna mwingine aliye hai aliyelijua, anajilaumu kwamba alikuwa amechelewa, kwamba alipiga ikaita bila kupokelewa, kwamba akapiga tena akaambiwa na yule mwanamke wa kwenye simu kwamba hapatikani, na kama hapatikani kwenye simu yupo wapi kama si kaburini. Wenzake wakampokea kwa sauti. Majirani wakatoka. Mmoja, asiyejua nani amekufa, alianza kulia ili asibaki nyuma.

Nyundo alikuwa amegeuza kamera. Kwenye kioo chake maneno yalipanda kuliko alivyowahi kuona. Na kwa kuwa mwanzo ulikuwa umempita, alimwendea yule bibi mdogo kwa heshima zote, akamwamkia, akamwomba samahani.

"Bibi, unaweza kurudi nje kidogo ukaingia tena? Ulivyoingia kwa kilio. Mwanga ulikuwa upande mbaya."

Bibi mdogo alimtazama kijana huyo, na nyuma ya bega lake akamwona dada yake, amesimama kando ya sanduku la simu mbovu, mzima, kikombe mkononi.

Kilio kikakatika. Wale wenzake, ambao walikuwa hawajaona, waliendelea kidogo, kisha mmoja mmoja wakanyamaza, kama chungu kinapoepuliwa.

"Kumbe hujafa," alisema mdogo.

"Sijafa," alisema mkubwa.

"Sasa mbona hukubipu?"

Jibu lilikuwa refu, likawa linamhitaji bibi ataje simu mpya, vidole, mlango ambao hakubisha. Aliinua mkono akamwonyesha ncha za vidole, akasema simu haivijui. Mdogo wake akaushika ule mkono, akaugeuza, akavipapasa vidole kimoja kimoja kwa vidole vyake mwenyewe, vigumu vilevile. Alikaa navyo muda, kamera inatazama. Kisha akasema kwamba, kama ni kuzungumza, aliyeanza kuzungumza si yeye. Yeye alipiga tu. Kupiga si kusema. Mkubwa akasema "kumbe hujafa" ni maneno, na yametoka kinywani mwa nani? Mdogo akasema yale yalikuwa ya msiba, hayahesabiwi. Waombolezaji, waliokuwa wamesafiri tumbo tupu, waliuliza kwa upole kama ubishi huo hauwezi kuendelea huku kuna kitu jikoni.

Sufuria likateremshwa. Mchele ukapatikana, kwa majirani na kwa bibi mwenyewe. Moto ukawashwa uani, mahali pale pale pa kuvunjia simu. Wali ulipofika pa kufunikwa, bibi alikwenda ndani akaleta mfuniko, akauweka juu ya sufuria lake mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayeweka kilemba.

Haukukaa. Ulicheza huku na huku, na mvuke ukatoka upande mmoja. Katikati ulikuwa umebonyea, na ukingo umejikunja.

Mdogo aliinama akatazama. Aliuliza ni nani, miaka yote hiyo, aliyekuwa akikabidhiwa mfuniko. Bibi alimgeukia mjukuu wake na kumwambia alete ile nyundo, na asilete kamera.

Nyundo aliileta kamera hata hivyo, lakini nyundo aliishika kama alivyoambiwa. Wale wazee wawili walimkalisha chini, mfuniko juu ya gogo, wakamwelekeza, huyu anasema gonga polepole kutoka ukingoni, huyu anasema pindua kwanza, wewe, hivyo utautoboa. Aligonga kwa muda mrefu, jasho linamtoka, kidole kimoja amekigonga pia, mpaka ukanyooka vya kutosha kukaa. Kilikuwa kitu cha kwanza ambacho nyundo ile ilikuwa imekitengeneza. Alipokuja kuangalia mtandaoni jioni, kile kipande cha kilio kilikuwa kimetazamwa na watu wasio na idadi, na cha kunyoosha mfuniko kilitazamwa na mama yake na mtu mmoja aliyekuwa akiuza dawa za kuotesha nywele. Watu, alieleza kwa uchungu, hawapendi kutazama kitu kinachonyooka.

Mdogo alikaa siku kadhaa. Walizungumza kidogo na kubishana sana, na nani aliyeacha moto haikujulikana. Siku ya kuondoka, bibi aliliendea sanduku la simu zilizongoja kuvunjwa, akachokora humo kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akatoa moja ya vitufe, yenye tochi. Akampa Nyundo aitie laini. Nyundo akasema hiyo aliipangia kutokoswa kwenye maji moto. Bibi akamwambia atokose ya kwake.

Mdogo alikuwa ameshapanda gari. Sufuria alikuwa ameliacha uani, na mfuniko juu yake. Mkubwa akamwuliza kama amelisahau.

"Sijalisahau. Nimekuachia. Siku nisipobipu, unijie nalo."

Wakarudi kwenye maisha yao. Kila alfajiri mmoja kubipu, mwingine kujibu, hakuna aliyesema neno, ingawa sasa waliweza. Mambo yakaendelea hivyo, mpaka asubuhi moja bibi alipobipu, akasubiri, na jibu lisije. Akabipu tena. Akapiga kabisa, mpaka mwisho, na yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwamba nambari haipatikani.

Bibi aliketi kitandani akiwa ameishika simu kwa mikono yote miwili. Kisha akaenda kwenye mlango wa mjukuu wake akabisha, kwa nguvu, mpaka akaamka. Alimwambia watoke, watafute gari, na sufuria liingie kwanza. Njiani kila Nyundo alipomtupia jicho alimwona ameukumbatia mfuniko kifuani, na midomo yake inacheza, na hakuthubutu kuiwasha kamera.

Walipofika, lango la mdogo lilikuwa wazi. Hapakuwa na kilio. Hapakuwa na mtu ila mdogo mwenyewe, ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga matatu, moto umeshakolea, na pembeni yake ungo wa mchele uliokwisha kuchambuliwa. Simu yake ilikuwa mapajani, betri ameitoa ameiweka kando, asije akashikwa na huruma akaiwasha.

"Umechelewa," alisema. "Kuni zinaniishia."

Bibi alisimama hapo mpaka moyo ulipomrudia mahali pake. Alimwambia mdogo wake kwamba ni mtu mbaya, tangu utotoni, na mama yao alilijua hilo. Kisha akamwashiria Nyundo aweke sufuria mafigani, akalitia maji, akalifunika kwa mfuniko wake. Ulikaa, ila upande mmoja ulipumua kidogo.

"Na safari hii," alisema, akivuta kigoda kingine, "moto ni wako kuuangalia."

"Wangu? Moto ulikuwa wako tangu ile harusi."

"Wangu mimi? Mimi si nilikuwa nimeitwa na mama wa bwana harusi?"

"Nani alikuita? Ulikwenda mwenyewe kutazama zawadi."

Wakaendelea hivyo, magoti yanakaribia kugusana, kila mmoja akisogeza kuni upande wake kwa mkono mtupu, na hakuna aliyeinuka.